Jalada la Salamu na Ghala la Ikolo

Nilipelekwa Kyela kwa sababu ya karatasi nne nilizozipiga taipu mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua mpunga na kokoa, na chama chetu cha ushirika kikawa kinafunga maghala yake moja baada ya jingine. Masijala ya makao makuu, Mbeya, ilijaa majalada hadi kwenye ngazi. Basi tukatunga jedwali jipya la kuonyesha kila aina ya jalada itunzwe miaka mingapi kabla ya kuchomwa. Mimi, karani niliyekuwa sijawahi kutumwa hata Tukuyu, nikaambiwa nilipeleke jedwali hilo Kyela na kusimamia uchomaji. Nilifurahi hadi nikasahau kuaga majirani.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Mbeya nikiwa na sweta mbili na jedwali kifuani. Tukuyu tulikuta ukungu, mashamba ya chai na migomba isiyo na mwisho. Tulipoanza kuteremka, joto likatupokea. Nikavua sweta ya kwanza, nikavua ya pili, kisha mtandio. Abiria wa kiti cha nyuma akacheka: "Dada, bado viatu!" Mbele yetu bonde lilifunguka, na kule mwisho ziwa likang'aa. Nilisimama kulitazama kama mtoto, bila kuona haya.

Saa saba mchana nilifika Kyela mjini. Bwana Ambwene, karani wa tawi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinisalimia kwa dakika nzima. Alitaka habari za nyumbani, za safari, za wazazi, za baridi ya Mbeya na za ng'ombe, ambao sina. Mimi niliyelelewa Dar es Salaam nilijibu mbio mbio, nikiwa na hamu ya kazi.

Kazi yenyewe alikwisha kuianza, maana nakala ya jedwali ilikuwa imemtangulia kwa posta. Nyuma ya ofisi palikuwa na shimo, na kando yake mafurushi yaliyofungwa kwa katani, tayari kwa moto wa kesho asubuhi. Mafurushi saba yaliandikwa "Salamu."

"Mnasalimiana sana huku!" nikamtania.

"Tunasalimiana, dada," akajibu kwa uzito.

Mstari huo wa jedwali niliukumbuka vizuri: "Salamu na pongezi: zichomwe mara moja." Niliupiga taipu kwa raha zote.

Saa tisa aliingia mama mmoja mwembamba, vumbi hadi magotini. Alikuwa Mama Lugano, mjane wa Ikolo. Marehemu mumewe ndiye aliyekiazima chama kiwanja cha kujengea ghala. Sasa ghala lilikuwa likabidhiwe kwa mfanyabiashara wa mjini Jumatatu saa sita mchana, pamoja na kiwanja chake, isipokuwa mama aonyeshe barua ya kuazima. Bwana Ambwene alikuwa amelipekua jalada la Viwanja mara tatu bila kuiona.

"Makaburi ya wakwe zangu yapo nyuma ya ghala hilo," mama akaniambia. "Na mume wangu mwenyewe amelala pale pale."

Nikamuuliza barua ilianzaje.

"Kwa salamu, mwanangu. Ingeanzaje?"

Nikamgeukia Bwana Ambwene. "Barua zikifika, unazipangaje?"

"Nasoma mwanzo. Ikiwa ya mpunga, naiweka Mpunga. Ikisalimia, naiweka Salamu."

Tulitoka mbio wote watatu, tukapiga magoti pale shimoni, tukakata katani. Tuliipata kwenye furushi la nne. Ukurasa wa kwanza mzee alimsalimia meneja, mke wa meneja na ng'ombe, akaulizia kikohozi, akaeleza mvua ilivyonyesha. Mwisho wa ukurasa wa pili, juu kidogo ya saini, aliandika: "Kiwanja nimewaazima tu. Mkihama, kirudi kwa watu wa nyumba yangu."

"Ndaga fijo!" Mama Lugano alishukuru, akinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo!"

Bwana Ambwene alifuta miwani kwa muda mrefu. "Tuichomoe hii, nyingine kesho tuchome," akasema. "Ndivyo karatasi yako inavyosema."

"Karatasi yangu imekosea," nikajibu, na masikio yakaniwaka moto. Mafurushi yakarudishwa ndani. Lakini tawi halikuwa na ruhusa ya kugeuza hata neno moja la jedwali. Jioni ile niliandika ombi la mabadiliko, nikiamini nitafukuzwa kazi na bado nikijisikia kuimba.

Ijumaa nilikwenda Ikolo kwa baiskeli ya tawi, kati ya mpunga na mikokoa, nione ninachokitetea. Ghala lilikuwa la bati, la kawaida tu. Nyuma yake makaburi yalikuwa yamefagiliwa. Mama Lugano alinilisha wali na samaki mbasa hadi nikashindwa kuinuka. Jumamosi nikapanda basi la kurudi.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Mbeya. Meneja utawala, mtu asiyependa maneno mengi, aliuliza cheti cha uchomaji kiko wapi. Nikamwekea mezani ombi langu na barua ya marehemu. Alisoma mistari michache ya barua akaisukuma.

"Hizi si salamu tu?"

"Endelea, mzee."

Alifungua ukurasa wa pili. Alipofika mwisho akachukua kalamu, akafuta mstari wangu kwenye jedwali na kuandika: "Zisomwe hadi saini. Za ardhi zitunzwe daima." Akaagiza matawi yote yapelekewe badiliko hilo siku ile ile. Nilijifunza kwamba ukiwapangia watu muda wa majalada bila kujua wanavyoandika, unachoma usichokijua.

Saa nne na nusu simu ya Kyela ilipatikana. Bwana Ambwene akaanza: nimefikaje, wenzangu hawajambo, baridi ikoje? Safari hii nilimjibu moja moja, huku meneja akitazama saa ya ukutani. Alipomaliza, nikasema, "Barua imekubaliwa. Kiwanja ni cha Mama Lugano."

Hakunijibu yeye. Kigelegele kililipuka ndani ya simu hadi meneja akakisikia mezani kwake. Mama alikuwa amesimama pale ofisini tangu mlango ulipofunguliwa.