Jembe la Mchezoni

Katika kikundi chetu cha maigizo pale Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, mimi nilikuwa mtayarishaji, mwongozaji na mpiga kelele mkuu. Yeye, mpenzi wangu, ndiye aliyekuwa nyota wetu, na alilijua hilo vizuri mno. Nikimwambia aingie analia, aliingia anacheka, na watu uwanjani walimpigia makofi hadi nikakosa sababu ya kumkaripia. Nilimkaripia hata hivyo. Siku moja mazoezini alinirushia kifuniko cha sufuria, kikanipata hapa juu ya nyusi. Kesho yake akaniletea sombe, kisamvu cha kwetu, akakaa kunitazama ninavyokula. Tuliishi hivyo miaka minne. Nilimpenda kupita kiasi, ila mdomo wangu ulizoea kumsahihisha tu.

Mchezo wetu uliopendwa zaidi ulikuwa wa posa. Kwetu Kivu Kusini, Kongo, mwanaume alikwenda na mbuzi na jembe. Jembe alikabidhiwa aliyemlea binti, naye akiliingiza ndani ya nyumba, posa imekubaliwa. Mimi nilicheza mposaji. Jembe letu lilikuwa kuukuu, mpini umepasuka, nimeuzungushia kipande cha mpira mwekundu. Tulicheza kambini kote, tukafika hadi Ngarama. Mjomba wake, aliyemlea tangu vita vilipomchukulia wazazi, alikuja mara nyingi na kigoda chake, akacheka mpaka akafuta macho.

Kisha familia ya mjomba ikakubaliwa kwenda Amerika. Walibaki kungoja kuitwa tu, na mpenzi wangu alikuwa kwenye karatasi zao.

"Uende kwa mujomba," aliniambia. "Upeleke mbuzi na jembe. Akiipokea, mi nabakia na weye. Kama hapana, naenda nabo."

Nikasema sawa, lakini kwanza tumalize onyesho la Mbarara mjini. Halafu likaja la Ngarama. Nilipopata nafasi nilikuwa na mbuzi wawili wazuri na sina jembe. Asubuhi hiyo nikafungua sanduku la vifaa vya mchezo, nikalitoa lile lile. Jembe ni jembe, nilijiambia. Nilidhani hata atafurahi.

Mjomba alipokea mbuzi, akawafunga mwenyewe. Nikampa jembe kwa mikono miwili. Aliuona mpira mwekundu. Majirani nao waliuona, wakaanza kupiga makofi, na mwanamke mmoja akayasema kwa sauti maneno yangu ya mchezoni kabla sijafungua kinywa. Mjomba hakucheka.

"Mutoto yangu," alisema, "hii jembe naijua. Imeoa huyu binti mara mingi, na kila mara unairudisha mu sanduku. Mbuzi zibakie. Leta jembe ingine."

Hakunifukuza. Leo nalijua hilo. Siku ile nilisikia makofi tu, na damu ikanichemka. Nikalitupa jembe uani, nikatoka. Mpenzi wangu akanifuata mbio.

"Enda Mbarara leo, kesho urudi na ingine. Ni jembe tu!"

"Mjomba wako anatafuta mkulima. Mimi si mkulima."

"Na mi natafuta bwana, hapana direkteri wa mchezo!"

Mbarara nilikwenda, na jembe nililinunua mchana ule ule. Mwenye duka, mzee mwenye kofia, aligonga bamba kwa kidole. "Jembe hii iko nguvu. Unalima wapi?" Nikamwambia ni la kuolea. Akafurahi, akalifuta vumbi kwa kanzu yake, akaniombea heri.

Ningeweza kurudi siku hiyo. Badala yake nilikaa kwa rafiki yangu siku nane, jembe nyuma ya mlango, nikingoja yeye anipigie simu kwanza. Siku zote ni yeye aliyeanza, na sombe yake. Safari hii hakupiga. Mimi pia sikupiga. Nilitaka aumie kidogo.

Siku ya tisa nikarudi na jembe jipya. Nyumba ya mjomba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mbuzi wangu walikuwa wamefungwa kwa jirani, yule mwanamke aliyeyasema maneno yangu ya mchezoni.

"Basi ya safari ya Amerika ilikuya kubabeba juzi," alisema, bila kunitazama. "Muzee aliniachia ufunguo. Alisema, weye ukikuya na jembe kabla ya basi, binti abakie, na mi nikufungulie nyumba. Binti alisimama kwa njia mpaka shofere ya basi akakasirika."

Nikamuuliza kama binti aliacha neno lolote. Akaingia ndani, akatoka na jembe la mchezoni.

"Alitaka kuibeba. Bakamukatalia, banasema mizigo ni mingi. Halafu akatoa ile mpira ku mupini, akajifunga ku mukono."

Mpini ulikuwa mtupu, ufa wake wazi toka juu hadi chini. Nilisimama pale na majembe mawili mkononi, nikalia mbele ya yule mama na wanawe wote. Baadaye aliniuliza kama nataka ufunguo. Nikamwambia hapana.