Duara Kuzunguka Jani la Mpera

Volkano ilipotema moto hapa Goma, baba alirudi kuitazama nyumba yetu ya mtaa wa Katoyi kabla mawe hayajapoa. Nyumba hakuiona. Alichorudi nacho ni kidonda cha moto mguuni, kikatoa usaha miezi na miezi. Kisha waasi wakafunga barabara, dawa zikaadimika. Daktari akasema vidole viwili vikatwe upesi, la sivyo mguu wote utafuata.

Baba akakataa. Alikuwa ananingoja mimi.

Nilikuwa nasoma biolojia shule ya jioni, na nilishautangazia mtaa mzima, nadhani hadi mtaa wa Keshero walisikia, kwamba ndani ya majani ya mpera wanaishi bakteria wanaoua bakteria wengine. Unaosha jani kwa Javel, ile dawa ya klorini ya kuulia vijidudu, ili walio nje wafe, unalisuuza kwa maji yaliyochemshwa, unakata kipande na kukilaza kwenye sahani yenye vijidudu vya kidonda. Walio ndani wakitoka na kushinda, kuzunguka jani panabaki duara tupu.

Duara langu lilikuwa pana kama Ziwa Kivu. Nilikimbia nyumbani.

"Muzee, jani limeshinda."

"Si nilikuambia?" baba akamgeukia mama. "Ule docteur na kisu yake atangoja sana."

Kesho yake mwalimu wetu, mtu asiyependa kelele, alichovya kipande cha karatasi katika maji yangu ya kusuuzia, akakilaza kwenye sahani nyingine ya vijidudu, bila jani. Jioni iliyofuata karatasi nayo ilikuwa na duara, pana vilevile.

Lava ilikuwa imekata mabomba ya shule, kila mwanafunzi akabeba bidon, dumu la maji, kutoka kwao. Nilimwuliza mama juu ya yetu.

"Niliyachemsha," alisema, "halafu nikatia Javel kidogo. Ulitaka mukufe na kolera?"

Tangu kolera ipite, mama angetia Javel hata mvua, kama angeifikia.

Baba alikuwa amesikia. "Kwa hiyo haikuwa jani."

"Ilikuwa Javel, papa. Pengine jani nalo linaweza, sijui. Kujua kutachukua miaka, na muguu yako haina miaka."

Akamwambia mama alete viatu. Akavaa kimoja, cha pili akamrudishia mkononi.

Njia nzima hadi hospitali aliniegemea mimi, msemaji wa mtaa mzima. Vidole walivikata. Mguu ulibaki.