Mama wa Mfua Nguo

Mfua nguo wa nyumba ya wageni alizaliwa kisiwani, chini ya mlima wa moto uliokuwa bado ukifuka. Wageni walikipendea kisiwa utulivu wake: hakuna magari, hakuna muziki, ni mchanga mweusi na mawimbi basi. Chumba cha nyuma cha mfua nguo kilipakana na vyao, na humo aliishi na mama yake mzazi, ambaye kikohozi chake kilikuwa kimeshinda dawa zote.

"Dada, wageni wanalalamika," meneja alimwambia huku akipaka mkate siagi. "Wamekuja kupumzika, si kulala wodini. Mpeleke bibi juu mlimani, kwenye ile stoo iliyojengwa kwa mawe."

"Bosi, kule moshi wa mlima ni mkali. Kifua chake hakitauweza."

"Basi ondokeni wote. Wafuaji wamejaa tele."

Angefanyaje? Mnyonge hana chaguo. Alimbeba mama mgongoni, akamlaza kwenye magunia, kisha akafunga komeo kwa nje asije akateremka.

"Mwanangu, nimekukosea nini?" mama aliuliza kutoka ndani. Binti akateremka.

Siku ya tatu alipopeleka uji, mlango ulikuwa mzito kusukuma. Mama alikuwa ameuegemea, amekwisha kukauka, kucha zimevunjika.

Meneja alimpa pole. "Ila mazishi yasiwe na vilio, tafadhali."

Wakazika kimyakimya. Binti aliuma kitambaa mpaka fizi zikatoka damu, kisha akarudi kwenye mashuka, maana boti ilishaleta wageni wengine.