Nililazimisha binti yangu anywe ku mrija ya watu, sasa anaficha vipele

Mwenye page, jina yangu usiweke. Niko na miaka 52, naishi Musaga. Nabeba mchanga na simenti ku chantier. Masomo niliacha mapema, mutanivumilia.

Bibi yangu alikufa mwaka jana. Aliniachia binti mumoja. Anasomea kazi ya infirmière, kuuguza wagonjwa, iko mwaka ya mwisho.

Mwezi uliopita tulimaliza matanga ya mama yake. Familia ikaleta chungu ya impeke, ile pombe ya mtama. Kwetu munazunguka chungu, mrija moja inapita mdomo kwa mdomo. Binti yangu akakatala. Hata mikono hakupeana. Akasema, “Baba, mpox iko mu kartie. Kila mutu achukue kikombe yake.”

Shemeji yangu, kaka ya marehemu, akamucheka. “Ee doktori! Leo mate yetu ni mbaya? Nani alikupangusa makamasi?”

Shangazi yake naye: “Anafikiri tumeweka sumu.”

Haya ikanishika. Nikamwambia mbele ya wote, “Kunywa, ao utoke mu matanga ya mama yako.”

Akaniangalia. Akapokea mrija ku mkono ya mjomba wake, akanywa.

Kumbe yule shemeji alikuwa na vidonda mu mdomo. Nilimuona anakunja uso akivuta, nikazani ni jino. Nyuma ya siku ine wakamulaza ku hospitali. Mpox.

Sasa binti yangu iko na homa. Juzi alikuwa anafua, nikaona vipele ku mikono. Anavaa mikono mirefu, anaenda staji, ile kazi ya kujifunza ku hospitali. Na staji yake ni kwenye wamama wanazaa. Anabeba watoto wa siku moja.

Nikamuuliza, “Si ni we ulikuwa unatufundisha?”

Akasema, “Nikijionyesha wananitenga, staji inaanguka, mwaka inaanguka. Hata wenzangu wanaficha homa. Kujua tunajua wote, baba. Siku ile ulininyamazisha. Leo na we nyamaza.”

Nilitoka inje, na sasa nawaandikia.

Nikienda kwa madame anayewasimamia ku staji, nitakuwa nimemuharibia mara mbili. Nikinyamaza, kuna mutoto hajapata hata jina atashikwa na ile mikono.

Mi najua ni mi nilikosa. Apana kunitukana, nimeshajitukana. Asubuhi anatoka saa kumi na mbili. Nimutangulie kule niseme, ao nifanye nini? Munijibu leo.