Wayua wa Kwenye Santuri

Wayua alikuwa akichuma maparachichi shambani kwake, huko Mbooni, vijana wawili wa redio walipopanda mlima kwa bodaboda kumtafuta. Hakushangaa. Wimbo ulikuwa umerudi. Mwimbaji mmoja wa Kitui alikuwa ameuimba upya na kuutilia vishindo vya kompyuta, na sasa ulikuwa namba moja katika nyimbo kumi bora za Jumamosi.

"Susu," akasema msichana aliyeshika maikrofoni, Kavindu, kwa adabu ya mjukuu kwa nyanyake, "ni wewe yule Wayua wa wimbo?"

"Ni mimi," akajibu, akitua kikapu. Alikuwa amelijibu swali hilo tangu ujanani.

Kisilu, mpiga gitaa wa Emali, alimposa zamani, naye akakataa. Hakuwa na ubaya wowote naye, hakumpenda tu. Kisilu akaenda Nairobi na bendi yake, wakarekodi santuri. Katika santuri hiyo Wayua alikula mbuzi wa mahari, akapanda lori la dereva wa Mombasa na kumwacha kijana wa watu akilia kando ya reli. Mbuzi hawakuwako. Dereva hakuwako. Lakini mwaka ule wimbo ulikaa kileleni mwa chati wiki baada ya wiki, ukapigwa kwenye mabaa na harusini, na nchi nzima ikajua Wayua ni mtu wa namna gani.

Aliolewa na Jonah, mwashi, mtu mpole wa kanisa. Wakitembea pamoja, mtu akiupiga mluzi wimbo ule, Jonah alijifanya hasikii. Alijifanya hivyo mpaka akafa. Watoto wao walipigana shuleni kwa sababu ya wimbo huo. Nyimbo nyingine zilipanda chati zikashuka, zikasahauliwa. Huu, Ukambani, haukushuka. Hata mwenye bucha alimtania: "Mama, mbuzi wangu usimle bure!"

"Sasa susu, yule dereva aliitwa nani?" Kavindu akauliza.

"Hakukuwa na dereva. Huyo Kisilu nilimkataa tu."

Vijana wakatazamana, wakamshukuru, wakashuka. Jumamosi Wayua alifungua redio. Alisikia sauti yake ikisema, "Ni mimi," kisha wimbo ukaanza. Mengine yote walikuwa wameyakata.

Jumatatu akateremka hadi Emali. Alimkuta Kisilu nyuma ya stesheni ya reli, ameketi mlangoni akipukuchua maharagwe, jicho moja limeingia ukungu.

"Wayua," akasema, bila kuinuka.

"Kisilu. Kwa nini dereva?"

Mzee akafikiri. "Nilihitaji mtu wa kukuchukua. Msichana amekataa, basi, wimbo umeisha. Haungefika popote."

Wayua akaketi kwenye kigoda. Aliitafuta hasira aliyotoka nayo Mbooni, akapata uchovu mtupu.

"Nimetunga nyimbo nyingi," Kisilu akaendelea. "Hakuna anayezitaka. Hata matangani wananiambia, mzee, tupigie Wayua. Mimi pia nimechoka na wewe."

Wayua akacheka, kicheko kilichomtoka bila kukiita. "Basi nipigie nyingine."

Kisilu alimkazia jicho lile zima, kana kwamba hakusikia vizuri. Kisha akaingia ndani, akatoka na gitaa lililopungua uzi mmoja. Aliimba habari za mama yake na kisima kilichokauka. Malori ya barabara kuu yalimeza beti nzima, naye hakungoja yapite. Aliimba hadi mwisho, jasho likimtoka.

"Unaonaje?"

"Si mzuri," akasema Wayua. "Ni mrefu. Na kiitikio kimelala."

"Hata studio walisema hivyo hivyo," Kisilu akakubali, akilaza gitaa magotini. "Nikupigie mwingine?"

"Tunywe chai kwanza," akasema Wayua, akikivuta kigoda karibu naye.