Mstari Ambao Heriberto Hakuusoma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Heriberto Cintrón anatoka ofisi ya meya akiwa na karatasi moja mkononi. Anaingia kwenye pikapu yake nyeupe yenye spika nne juu, anavaa miwani na kuisoma karatasi kimya kimya mara tatu, kuanzia juu mpaka neno la mwisho. Ndipo anawasha gari.

Leo ni Jumatano, siku ya kumi na moja tangu kimbunga Odalis kipite juu ya milima hii ya katikati ya Puerto Rico. Umeme hakuna. Simu hazishiki. Betri za redio zilikwisha wiki iliyopita, na dukani nako zimekwisha. Anayetaka kujua hali ya hewa ya kesho hana budi kungoja karatasi ya utabiri inayochapishwa hapo ofisini kwa nguvu ya jenereta, kisha angoje koo la Heriberto liipandishe mlimani.

Koo hilo watu wanalifahamu kwa miaka ishirini na sita. Limewauzia nyama ya nguruwe ya kuchoma, magodoro, maparachichi na, kila baada ya miaka minne, wagombea. Siku njema lilikuwa likimwingizia dola 70. Sasa halmashauri inampa petroli na chakula cha mchana, yaani biskuti za chumvi na soseji za kopo, ambazo mtu akizila siku kumi na moja mfululizo anaanza kuzichukia hata kwa macho.

Kituo chake cha kwanza ni bomba linalotoa maji ya chemchemi kando ya barabara, ambako wanawake kumi hivi wamepanga ndoo. Wanamwona tangu kwenye kona.

"Berto! Leo unauza nini, nyama au mawingu?" anauliza mmoja wao, Nereida, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki.

"Mawingu, tena bure."

"Bure yako naijua. Mwaka wa uchaguzi ulipita hapahapa ukasema barabara hii itatiwa lami. Mpaka leo naisubiri hiyo lami."

Wanacheka. Heriberto anacheka pia, lakini kidogo tu, kisha anashika kipaza sauti.

"Leo Jumatano. Asubuhi jua, joto nyuzi thelathini na mbili. Mchana manyunyu ya hapa na pale milimani. Kuanzia leo jioni hadi kesho Alhamisi, mvua kubwa kutoka mashariki, inchi tatu mpaka tano. Udongo umeshiba maji. Hatari ya maporomoko ni kubwa. Wakazi wa Cerro Guamá watoke kabla ya saa kumi jioni, waende shule ya mjini. Baharini, mawimbi ya futi saba hadi tisa. Mashua ndogo zisitoke."

"Futi tisa!" Nereida anapiga makofi. "Jamani, anikeni nyavu!"

Kutoka hapo hadi baharini ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari, wakati barabara ilipokuwa nzima. Hakuna mwenye mashua. Heriberto anajua kwamba wanamcheka, na bado anausoma mstari wa bahari kila asubuhi, kila kituo.

Sababu ni Jumatano iliyopita.

Siku hiyo, ya nne baada ya kimbunga, anga lilikuwa la buluu kiasi cha kuudhi. Miti haikuwa na jani hata moja, milima ilikuwa ya kahawia kana kwamba imeungua, na watu waliamini kwamba mbingu imemwaga yote iliyokuwa nayo. Karatasi ilikuwa na mistari minne ya habari njema: jua, upepo mwanana, joto la kawaida, hakuna kimbunga kingine karibu. Mstari wa tano ulisema: mchana, mvua za ghafla milimani.

Heriberto aliisoma minne.

"Kazi ya tangazo ni kumalizia na tamu," anamwambia sasa mwandishi anayezunguka naye, akiwa ameegesha gari kando ya mgomba ulioanguka. "Huwezi kutangaza nyama halafu umalizie kwa kusema ina mifupa. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo. Nikawaona watu walivyochoka, nikasema nisiwaharibie siku. Na nani mlimani hajui kwamba mchana hunyesha?"

Don Efraín Batiz, mkulima wa kahawa mwenye umri wa miaka 70, alisikia siku ya jua. Alipanda juu ya nyumba yake kupigilia mabati. Saa nane na nusu mvua ilimkuta huko, bati likawa utelezi, akaanguka. Majirani walimbeba juu ya mlango uliong'olewa na upepo, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na magogo. Hakufika hospitali.

Hakuna aliyemshtaki Heriberto kwa lolote. Anasema ingekuwa afadhali angeshtakiwa.

Nyumba ya marehemu ndiyo ya mwisho katika kitongoji cha Cerro Guamá, chini kabisa ya mteremko ambao umepasuka juu yake. Ufa huo unaingiza mguu wa mtu mzima. Nyumba zote kumi na tatu zilizo karibu zimeshahamwa. Amebaki mjane, Doña Eneida, miaka 67. Kila gari hili linapopita, yeye hufunga dirisha.

Leo Heriberto anazima spika, anashuka, na kugonga mlango.

"Doña Eneida, habari za asubuhi."

"Sema yako upite."

"Ni ya mvua. Nimeona nisikupigie kelele."

Anamsomea yote, hata bahari. Mama huyo anasikiliza amesimama, mikono imefungwa kifuani. Juu yake paa limefunikwa nusu tu.

"Nusu hii aliigongomea yeye," anasema. "Nikitoka nani ataitazama?"

"Ule mlima utashuka, Doña."

"Na karatasi ya Jumatano iliyopita. Ilikuwa na mvua?"

Heriberto anavua kofia. "Ilikuwa nayo. Mstari wa mwisho. Niliuacha."

"Nilishaambiwa. Nilitaka kuusikia kwa mdomo wako." Anainua macho kwenye mabati. "Ungesema mvua, asingepanda. Alikuwa mbishi, lakini mjinga hakuwa."

Anafunga mlango.

Heriberto haondoki. Anakaa kwenye gari, mikono juu ya usukani, kwa zaidi ya saa nzima, na inauma kumtazama. Kisha mlango unafunguka. Doña Eneida anatoka na begi moja na kopo la kahawa, anaufunga kwa ufunguo, anaujaribu, na kuanza kushuka barabara.

"Panda, nikupeleke."

"Gari lako lina maneno mengi. Nitatembea."

Ni kilomita mbili na nusu. Mama anatembea mbele, pikapu inamfuata nyuma taratibu bila sauti, mpaka kwenye lango la shule, ambako watu arobaini wanalala madarasani tangu juzi.

Saa kumi jioni mawingu yamekusanyika mashariki, lakini bado hakuna hata tone. Heriberto anasema kesho, mvua iwepo isiwepo, saa kumi na mbili na nusu atakuwa ofisini kuchukua karatasi, na ataisoma popote gari litakapofika. Anataka watu waizoee sauti yake upya, na anajua hilo halitakamilika mwaka huu.

Anachokihofia ni usiku huu.

"Isiponyesha, kesho asubuhi atarudi kule juu," anasema. "Na siku nikitangaza tena, hatoki, na wenzake hawatoki. Watasema Berto ni yuleyule. Ikinyesha, ile nyumba haipo tena, na ile nusu ya paa."

Anaulizwa ameomba lipi.

"Nimeomba inyeshe," anajibu. "Mungu anisamehe."

Anayasema hayo kwa sauti ndogo, maana Doña Eneida ameketi hatua chache tu kutoka hapo, kopo la kahawa mapajani, anautazama mlima wake.