Mwendo wa Dadi

Chausiku hakuwahi kuogopa wafu. Utotoni mwake, huko juu Matombo, wafu walikuwa wakirudi kuchekesha watu. Alipozikwa babu yake, mzee mmoja wa ukoo wa watani wao alijifunga shuka la marehemu, akashika fimbo yake, akaja mlangoni anakohoa kikohozi kile kile cha babu. Akadai ugali wake. Watoto walipiga mayowe wakajificha nyuma ya vinu, halafu wakacheka mpaka machozi. Bibi naye alicheka, akamtukana "marehemu" kwa ulafi, akampa ugali na paja la kuku. Akishashiba, basi, ameaga. Ndivyo mtu alivyokuwa akiondoka duniani siku hizo.

Wakaja mapadri. Utani wa misibani wakauita ushenzi, wakaleta siku yao, Siku ya Marehemu, mwezi wa Novemba, ya mishumaa na kunyamaza. Watu wakabatizwa. Chausiku naye akaitwa Paskalia, jina ambalo mumewe mpaka anakufa hakuweza kulitamka vizuri. Sisemi mishumaa ni mibaya, jamani. Ila mshumaa haukohoi, wala hauombi ugali.

Mwanawe alikuwa mmoja tu, Dadi, kijana mbishi aliyekataa katakata kubatizwa. Alikwenda kufanya kibarua cha reli Ngerengere, akashikwa na kuhara damu, wenzake wakamfukia kando ya njia na kazi ikaendelea. Kilichorudi mlimani ni shuka lake. Reli ilipofika Morogoro watu walishuka makundi kwa makundi kwenda kulitazama gari moshi. Chausiku hakwenda. Alitaka jambo moja tu: Dadi aje mlangoni, adai chakula, ashibe, aende zake salama.

Lakini kazi hiyo ni ya mtani, mfiwa haigusi. Na mtani aliyebaki alikuwa Dominiko, mjukuu wa yule mzee wa fimbo, ambaye sasa ni katekista wa misheni. Chausiku alipomwomba, alikataa, akasema padri akisikia atamfukuza kazi. Alipomwomba tena, akaahidi kumwombea Dadi kanisani. Chausiku alinuna, akaacha kumwitikia shikamoo zake, na huko milimani hilo si jambo dogo.

Siku ya Marehemu ikafika. Mishumaa ikawashwa kwenye makaburi ya misheni, majina yakasomwa, la Dadi halikusomwa. Dominiko alimwona yule mama amesimama nje ya ua, hana mshumaa, moyo ukamshinda. Jioni, jua halijazama, alikwenda kwake akaomba shuka. Chausiku alisonga ugali. Dominiko akajifunga shuka, akatoka, akabisha hodi.

"Mama, nina njaa," alisema, akaingia anajivuna kama wanavyojivuna vijana wote.

Chausiku alikuwa amejiandaa kucheka. Alimtazama, akauliza, "Huyu nani?"

Dominiko akatoka, akaingia tena, safari hii anachechemea. Maskini, alikuwa anabahatisha. Wakati Dadi anakua, yeye alikuwa bweni la misheni anajifunza nyimbo za Kilatini.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sijui alivyokuwa anatembea."

Basi hakuna mwingine aliyekuwa akijua. Chausiku alilichukua shuka, akajifunga mwenyewe, mfiwa, jambo ambalo bibi yake angeliziba macho asilione. Akamwambia katekista akae mahali pake, karibu na mafiga. Akatoka nje. Akarudi ameinamisha bega la kushoto, anaburuta kisigino, anapiga mluzi kwenye meno kama Dadi alipokuwa akitoka shamba. Akabisha mlangoni kwake mwenyewe.

"Mama, nina njaa."

Dominiko alimpelekea ugali. Alitakiwa amtukane kwa ulafi, ndivyo desturi ilivyotaka, lakini alimnawisha mikono tu. Chausiku alikula pale pale kizingitini, tonge baada ya tonge, mpaka bakuli likawa tupu, na hakuna aliyecheka.